Mbunge wetu wa Brussels amefariki, tukajiandaa kwa uchaguzi mdogo ambao haupo

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, wengine poleni na baridi. Shule niliishia la nne, makosa mtayaruka. Ila haya nimeyaona mwenyewe hapa Evere, Brussels.

Tulikuwa na mbunge wetu kwenye bunge la mkoa, mzaliwa wa Bukavu. Tumwite Maman Béa.

Lifti ya jengo letu ikifa (na inakufa kila mvua ikinyesha, sijui wana undugu gani), yeye ndiye alipiga kelele mpaka ikatengenezwa.

Akaugua, akafariki.

Matangani, baada ya wali na sombe (kisamvu), watu wakaanza: "Papa Célestin, sasa ni wewe!"

Célestin ni jirani yangu, alikuwa anahudumia wazee hospitalini, sasa amestaafu. Anajua kuongea. Hata mkewe anakubali, na yule mama hakubali kitu hovyo.

Kwetu Kigoma mbunge akifa wanaitisha uchaguzi mdogo. Basi kampeni tukaipanga palepale, picha ya marehemu inatutazama. Mimi nikapewa kugawa vipeperushi vituo vya basi. Célestin akapeleka suti kwa fundi Schaerbeek ipunguzwe kiuno.

Kisha akaenda kwenye chama cha marehemu kuuliza tarehe.

Nikamkuta ngazini anarudi, lifti imekufa, anahema.

"Papa Kigoma, akuna uchaguzi. Bon, huku député akikufa, suppléant wake anaingia. Ameisha kula kiapo. Ni muntu wa Uccle."

Uccle ni kule kwa matajiri, upande wa pili wa jiji. Député ni mbunge, suppléant ni mtu wake wa akiba. Kumbe anapigiwa kura siku ileile ya uchaguzi mkuu.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Na si walikuombaka wewe ukuwe suppléant wa kwanza? Ukakatala!"

Wakuu, nilikaa chini kwenye ngazi. Ni kweli, na jengo zima tulimsifu kwa kukataa.

Célestin akasema polepole, "Ningekubali aje? Nikae nyuma ya maman, namungojea akufe?"



Suti aliivaa kwenye misa ya marehemu. Siku hizi haongei sana. Yule wa Uccle tumemwandikia kuhusu lifti, bado kimya.

Nilichojifunza: ukiombwa kuwa wa akiba, kubali. Si kumtakia mtu kifo. Kifo hakisubiri utake.

Huko mliko, mbunge akifa kiti kinajazwaje? Semeni, nasoma zote. Nipo tu ghorofani, magoti haya hayashuki ngazi.