Siku Bi Dawlat Aliponiomba Nikosee

Kwa miezi saba Bi Dawlat alinisahihisha kila neno. Siku moja akanishika mkono, akaniomba nikosee.

Mimi ni fundi friji hapa Shubra, Kairo. Shule niliacha mapema, lakini nasoma sana, na nilikuwa naandika riwaya ya zama za mfalme, ndani ya nyumba ya pasha.

Vyeo vilinishinda. Bi Dawlat, jirani yangu wa miaka themanini na tisa, alikulia kwenye nyumba kama hiyo. Mama yake alikuwa mpishi.

"Siku hizi hata muuza maharage ananiita pasha," nilimwambia.

"Huyo anataka ununue! Pasha alipewa cheo na mfalme, wewe fundi wa mabarafu. Mwanawe ni bey, hata kama bado anakojoa kitandani. Mkewe ni hanimu. Karani mwenye tarbushi, efendi. Andika, acha kukodoa macho."

Nikaandika. Madaftari mawili yakajaa.

Sura ya mwisho alinipa yeye. Pasha yuko mahututi, anamwita chumbani binti wa mpishi. Ni damu yake, ila nyumba nzima inajifanya haijui.

Nilidhani ametunga. Nikamsifu.

"Hapo binti aseme, 'Baba,'" alisema.

"Bibi, si wewe uliyenifundisha? Mtoto wa jikoni anasema Mtukufu Pasha. Watanicheka."

"Mara moja tu, mwanangu."

"Itakuwa si kweli."

Alikunja shali yake magotini, polepole, kama mtu anayefunga duka.

"Umejifunza vizuri," akasema.

Kitabu kikatoka. Nikampelekea nakala, akataka nimsomee ukurasa ule tu. Nikasoma: binti akainama, akasema, "Mtukufu Pasha."

"Ndiyo," akajibu. "Hivyo hivyo."

Wiki ya pili akafariki.

Msibani, bintiye Inshirah aliniletea kahawa chungu, akakaa kando yangu.

"Mama hakukwambia, eh?"

"Kuhusu nini, dada?"

"Ni yeye aliyeitwa chumbani. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mzee akamwambia, 'Niite.' Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini hanimu alikuwa amesimama pale, likatoka lile alilofunzwa. Mzee akageukia ukutani."

Nikaweka kikombe chini.

"Alisema ukilitia kitabuni," Inshirah akaendelea, "atakuwa amelisema."



Mpaka leo wasomaji wananiandikia. "Kaka, uko vizuri! Vyeo vyote sahihi, hujakosea hata kimoja."

Nawaambia ahsante.

Ndugu yangu, mwalimu wako akikuomba uivunje kanuni aliyokufundisha mwenyewe, usikimbilie kumkatalia. Muulize kwanza, "Kwa nini?"

Nilikaa naye miezi saba, nikamuuliza maswali mia. Hilo sikumuuliza.