Tonge Lisilo na Saumu

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa. Wakenya wa Joburg tunajuana hadi rangi za magari.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, naishi mtaa wa Observatory na watoto wawili na mume wangu, ambaye ni mfanyakazi wa benki huko Sandton. Nitamwita Baba Imani. Nilikuwa na kazi nzuri Nairobi nikaiacha ili nimfuate, na kibali changu cha kukaa hapa kimefungwa kwenye chake. Hilo mlishike.

Kazi hiyo ya zamani iliwahi kunipeleka Seoul, na nikarudi nimetekwa na chakula cha Wakorea. Nyama inachomwa mezani mbele yako na kukatwa kwa mkasi. Unaiweka kwenye jani la letasi na kipande cha kitunguu saumu kibichi, unafunga, unatia mdomoni tonge zima. Mtu anayekupenda hukufungia lako na kukulisha kwa mkono wake. Mimi hiyo saumu ndiyo ninayoifuata, naweza kuitafuna kama njugu.

Baba Imani alikuwa hataki hata kusikia. Nikitengeneza kimchi, ile kabichi yao ya pilipili inayochachushwa, anaziba pua: "Mama Imani, hiyo kitu imeoza. Ama itoke, ama nitoke mimi." Nikahamishia mitungi gereji. Leo najiuliza kwa nini sikumwacha atoke yeye.

Aliyenielewa ni rafiki yangu wa fellowship ya kanisani, Mama Tedi. Mimi ndiye niliyempeleka mkahawa wa Wakorea mara ya kwanza, akapenda kila kitu isipokuwa saumu mbichi, ambayo humchoma tumbo. Tangu hapo huja kwangu tukatengeneza kimchi pamoja, tunapaka pilipili jani kwa jani huku tukisengenya dunia nzima. Hapa sina mama wala shangazi. Nilipojifungua mtoto wa pili, uji nilipikiwa na yeye.

Basi mwezi uliopita, siku yangu ya kuzaliwa, Baba Imani akakubali nimpeleke kwa Wakorea. Jamani, nilifurahi! Nikavaa, nikajipaka manukato, njia nzima namweleza vyakula. Nyama ikaletwa. Kabla sijamwonyesha lolote, akachukua mkasi, akaikata nyembamba, akageuza vipande kwenye moto, akafunga jani vizuri kabisa. Halafu akanyoosha mkono kunilisha, akasema, "Nimekutolea saumu."

Nikamuuliza, "Nani hali saumu, Baba Imani?"

Mkono ukabaki hewani. "Eish, nimechanganya tu."

"Umenichanganya na nani? Na kukata hivi umejifunza wapi?"

"Kwani kukata nyama kunataka shule? Kula, itapoa."

Nikala. Sijui kwa nini nilikula. Tukarudi nyumbani, yeye kila robot ya barabarani anaitazama kama hajawahi kuona taa nyekundu.

Nilijaribu kumtetea moyoni, nikajiambia labda ni wenzake wa kazini. Jumapili baada ya ibada nikamwambia Mama Tedi, kwa uchangamfu kabisa, kwamba nilikwenda na Baba Imani kula kwa Wakorea. Sikutaja mkasi, sikutaja nyama. Akacheka: "Ungemwambia asiikate nyembamba hivyo, yeye huwa anaiunguza." Akaanza kutafuta funguo kwenye mkoba, na funguo alikuwa amezishika mkononi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinakula nami sahani moja. Nimeumia, na si kwa sababu ya mapenzi peke yake. Kitu nilichokipenda mimi, nikakifukuza nyumbani kwa ajili ya mume wangu, alikuwa anakwenda kukifurahia na mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe.

Baba Imani bado hajui kwamba nimejua ni nani. Nikifungua mdomo, huenda nikapoteza ndoa na kibali, na watoto wangu hawajui kwao ila hapa. Nikinyamaza, nitaendelea kumwita dada mwanamke huyu. Na mtu ambaye ningemlilia siku kama hii ni yeye.

Jana aliniandikia, kana kwamba hakuna kitu: "Dada, Jumamosi ya kimchi iko? Nilete kabichi ngapi?"

Ujumbe wake bado uko hapa kwenye simu, sijaujibu. Ndugu zangu, nimjibu nini?