Pigo Moja la Ngoma ya Télesphore

Volkano iliposhuka mjini Goma mwaka wa 2002, kila mutu alibeba alichokipenda. Kuna waliobeba magodoro, kuna waliobeba sufuria yenye maharagwe ya moto. Dancille alibeba ngoma. Aliifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akashika njia ya Gisenyi, na bwana yake Télesphore nyuma yake, godoro kichwani, anacheka katikati ya moshi.

"Mama Munezero, hiyo ngoma ndiyo tutakula jioni?"

"Godoro linauzwa sokoni," Dancille akamjibu bila kugeuka. "Ngoma hii nani aliichonga? Wewe. Na uvivu wako, utachonga ingine lini? Tembea!"

Nyumba iliungua, ngoma ikapona. Waliporudi walijenga nyumba ya mbao juu ya yale mawe meusi ya volkano, na mawe yenyewe yalikuwa bado na joto chini, unalala kama umelala juu ya mkate. Mikono ya kuchonga ilikuwa ya mume, ya kupiga ilikuwa ya mke. Wazee wa kanisa walinung'unika kwamba mwanamke hapigi ngoma. Dancille akapiga. Wakachoka wao.

Halafu ikaja ile vita ya 2012. Télesphore alikuwa amepanda Kalengera, kijijini kwao, kuvuna maharagwe, na barabara ikafungwa nyuma yake. Mmoja alisema amemuona kule Rumangabo. Mwingine akasema hapana, ni Kibati, anavuta mbuzi. Barabara ikafunguliwa, watu wakarudi, yeye hapana. Dancille akaendelea kupaka mafuta tezo la mumewe, lile shoka dogo la kuchongea, ili lisipate kutu, maana mwenyewe akirudi atauliza.

Sasa, huko Kalengera kapela, kanisa lao dogo, haikuwa na kengele. Mutu akifa, ngoma ilipigwa pigo moja tu, halafu kimya. Anayesikia anaacha jembe, anakuja. Desturi hiyo waliileta Goma, mpaka jirani wasio wa kwao wakaizoea. Kwa hiyo ngoma ya furaha haianzi kamwe na pigo la peke yake; inaanza na mikono miwili inayofuatana mbio. Munezero, binti wa Dancille, aliwahi kumwambia polepole, "Mama, tumupigie papa ngoma, apumzike." Dancille akamkatiza: "Maiti iko wapi? Lete maiti, nitapiga." Binti hakurudia tena.

Miaka ikaenda. Ngozi ya ngoma ikaanza kupasuka pembeni. Wengine walimwambia aweke ngozi mpya, akakataa, kwa sababu ngozi ile aliyeivuta ni Télesphore, na ukibadilisha ngozi umebadilisha sauti.

Ndipo akaja Nsimire, msichana wa upande wa Bukavu, na mikro ya kunasa sauti na ordinatere, ile kompyuta, ndani ya mfuko. Kazi yake ni kutafuta sauti za kuweka ndani ya filme. Alikuwa ameisikia ngoma kanisani.

"Mama, mutu akiwa anatembea kwenye filme, mahali pa kuogopesha, chini yake tunaweka sauti. Ndiyo inamufanya anayeangalia ashikwe na woga."

"Anatembea anapigiwa ngoma? Miguu yake mwenyewe hailii?"

Mwavita, jirani, aliyekuwa anachambua majani ya sombe pale mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nsimire akaomba ngoma ikwaruzwe kwa kucha. Dancille akakwaruza. Akaomba ubao upigwe ubavuni. Ukapigwa. Kisha akageuza zile sauti ndani ya mashine, akazivuta zikawa nzito na ndefu, akamvalisha Dancille visikilizio vya masikioni. Dancille akachungulia nje. Ni mlima. Ni ule mlima wa moto unavyonguruma kabla ya kufunguka, na ni kucha zake tu.

"Sasa ngozi," Nsimire akasema. "Pigo moja, mama, halafu tungoje mpaka sauti iishe yenyewe."

Dancille akapiga mikono miwili mbio.

"Hapana mama, moja tu. Zikichanganyika mashine haiwezi kuzitenga."

"Ngoma yangu haipigwi moja."

"Mama, ngozi hii inakwisha. Ikipasuka, sauti hii hamutaisikia tena. Moja tu, nitakuwa nayo siku zote."

Msichana wa watu hakujua alichoomba. Mwavita alijua, aliacha sombe, akainama. Dancille akapitisha kidole juu ya ule mpasuko. Akikataa, sauti ya Télesphore itakufa pamoja na ngozi. Akipiga, atakuwa amesema kwa mkono wake mwenyewe neno alilolikataa miaka yote.

"Weka mashine yako vizuri," akasema. "Sitarudia."

Akapiga.

Sauti ikatoka, ikapita mbao, ikapita mawe, ikaenda. Dancille aliacha mkono hewani. Nsimire alifumba macho kwa furaha. Kisha lango likalia, na fimbo ikasikika juu ya mawe. Muzee Ntirenganya, wa Kalengera pia, alikuwa ameacha chakula chake, na kiti anakivuta kwa mkono mwingine. Nyuma yake wanawake wawili na kuni.

"Nani, Dancille?" akauliza.

Dancille akashusha mkono.

"Télesphore."

Muzee hakuuliza lini, wala wapi. Alivua kofia, akaweka kiti chake karibu na ngoma, akakaa. "Pole, mama. Alituchekesha sana yule." Mwavita tayari alikuwa ameinuka kuwasha moto.

Nsimire, machozi yanamtiririka, akanyoosha mkono kwenye mashine. "Mama, munisamehe, sikujua. Nakata hapa, sauti ya miguu ya watu imeingia ndani ya mashine."

Dancille akamshika mkono.

"Usikate. Acha na miguu yao. Si ulisema mutu akitembea anawekewa sauti? Huyu wangu ametembea sana bila mutu wa kumusindikiza."

Akachukua visikilizio, akavivaa mwenyewe juu ya kitambaa cha kichwa, akakaa chini kati ya watu, akasikiliza lile pigo na ile miguu mpaka mwisho.