Nailoni Niliyoifunga Mwenyewe

Sitaki mtu aniambie eti mashine ilikosa. Mashine haikukosa. Niliyekosa ni mimi, fundi wa kiwanda, na aliyeumia ni mathe, mama wa makamo aliyekuwa akifunga mlango wa ile mashine.

Kiwanda kiko nje ya Nakuru, ukielekea Rongai. Tunakausha stroberi: zinagandishwa, zinafungiwa ndani ya tangi, kisha pampu inanyonya hewa yote. Ukutani kuna kisanduku chenye namba nyekundu, kazi yake ni kupima hewa iliyobaki mle ndani. Namba zikipanda kupita kiasi, kinasimamisha kazi. Cha zamani kilipoanza kuchoka, meneja alileta kipya kutoka ng'ambo, akaniambia, "Fundi, hii kitu nisione hata alama."

Basi nikakitunza vile sisi hutunza vitu vyetu. Rimoti ya nyumbani kwangu bado iko ndani ya nailoni, na viti vya sebuleni vilevile. Nilipomaliza kukifunga ukutani, nikakirudishia nailoni kiliyokuja nayo, nikaivuta vizuri, nikaipiga selotepu pande zote. Na nikajisifu, mjinga mimi.

Wiki ya pili vituko vikaanza. Asubuhi namba ziko sawa. Kufika saa tano zinapanda, kazi inasimama, stroberi zinageuka uji. Mara tatu tukamwaga kila kitu. Meneja, mtu asiyejua tofauti ya pampu na birika, akapayuka kwamba hewa inaingia mlangoni. Na mlango ulikuwa wa mathe. Ndiye aliyepangusa mpira wa ule mlango kila asubuhi tangu kiwanda kifunguliwe, akija kwa miguu kutoka Kaptembwo. Akapewa barua: akae nyumbani, Ijumaa aje aeleze kwa nini asifutwe kazi.

Nikaanza kutafuta kasoro. Nilinyunyizia spiriti kuzunguka mpira wa mlango huku nikiangalia namba; hazikutikisika, yaani mlango haukuvuja. Nikabadilisha mafuta ya pampu. Nikafungua kipimo kilicho kwenye tangi, kile kinachopeleka habari kwenye kisanduku, nikakiosha, nikakiwekea waya mpya. Wapi! Saa tano ikifika, namba juu. Jumatano nikachomeka kile kisanduku cha zamani, na namba zikatulia mpaka jioni. Yaani hewa haikuwa ikiingia popote. Kisanduku kipya kilikuwa kinatudanganya. Alhamisi nikakirudisha, nikangoja saa tano, nikaweka kiganja juu yake. Moto, kama kifuniko cha sufuria ya githeri! Matundu yake ya kutoa joto yote yalikuwa chini ya nailoni yangu. Nikaichana. Baada ya nusu saa namba zikashuka zenyewe.

Ningeenda kwa meneja palepale. Sikuenda. Niliandika kwenye kitabu cha kazi, "Kasoro imerekebishwa," nikaenda kunywa chai.

Ijumaa tukaketi ofisini: meneja, karani wake, mathe akiwa na blauzi yake ya kanisani, na mimi niliyeitwa kama fundi. Meneja akaniuliza, "Inaweza kuwa ni mlango?"

Swali hilo lilitaka neno moja tu. Mathe alikuwa ananiangalia bila wasiwasi, maana alijua mimi najua kazi yangu. Nikasema, "Inawezekana, boss."

Woga mtupu, haki ya Mungu! Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mimi nilimnyonga, na haki yake nikabaki nayo. Kabla ya saa nne alikuwa ameshafutwa.

Nilimkuta getini, askari akimkagua mkoba. Nilitaka kupita kama sijamwona, lakini akanishika mkono.

"Fundi, asante," akasema. "Mwingine angesema ni mimi kabisa. Wewe umesema inawezekana tu. Mungu akubariki."

Hata hapo nafasi bado ilikuwapo. Meneja alikuwa ofisini, mlango wazi, hatua chache tu nyuma yangu.

Nikamjibu, "Karibu, mathe."