Nilivyomfundisha Fundi Wangu

Aliyenifundisha ujenzi alikuwa mzee wa Nkoaranga, fundi mkuu wa kampuni niliyoingia nikiwa saidia fundi. Saitini nilikuwa mwanamke peke yangu. Wenzake walitaka niteke maji na kuchemsha chai, basi. Yeye alinipa mwiko, akanisimamisha kwenye kona ya ukuta, na kila tofali nililolaza vibaya alilitoa mwenyewe bila kunigombeza. Nilimwita baba.

Usawa alipima kwa mpira mwembamba wenye maji, mtu huku na mtu kule, na sikuwahi kuona amekosea. Lakini miteremko ya Meru ni mikali, na kiwanja kimoja kilitumalizia nusu siku. Wenye vifaa vipya walianza kutunyang'anya kazi. Bosi akanunua mashine ya leza, inayopima usawa kwa mstari wa mwanga, akanipeleka mafunzoni mjini wiki moja kwa sababu nilikuwa na kidato cha nne. Niliporudi aliniagiza niwafundishe mafundi wote. Baadaye angetupima, na atakayeiweza vizuri zaidi angekuwa fomeni wa madarasa tuliyokuwa tunakwenda kujenga Kikwe.

Mzee alinijia kabla ya wengine, na daftari la mjukuu wake mkononi. Aliuliza kila kitu na kuandika kwa herufi kubwa. Alishika haraka kuliko nilivyoshika mimi kule mjini, na hilo likaniogopesha. Kisha akaona mstari mwekundu ukutani unawaka na kuzima.

"Hii kupepesa ni nini, mwanangu?"

Maana yake ilikuwa kwamba mashine haijakaa sawa na kipimo chake ni cha uongo.

"Ni betri tu, baba. Usijali."

Akaandika. Wengine hawakuuliza, nami sikuwaambia.

Siku ya kupimwa tuliingia stoo mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mlangoni. Mzee alitega mashine, mstari ukapepesa, akachora alama zake bila wasiwasi kuta zote nne. Bosi akazipitia kwa mpira wa maji, ule ule wa mzee. Kona moja ilipishana na nyingine kwa vidole vinne. Watu wakacheka. Bosi akasema kichwa cha mzee kimejaa, hakiingii kitu kipya. Mzee alinitazama kidogo, akafunga daftari.

Alama zangu zililingana, nikawa fomeni. Kikwe kazi ilikwenda mbio. Msingi ambao kwa mpira ungetuchukua siku tatu tuliuweka sawa kwa asubuhi moja, na bosi alinisifu kila kikao. Mzee aliomba abaki, nikampa kazi ya kubeba zege. Magoti yake hayakuweza. Vijana walisimama na karai tupu wakimsubiri, na kila walipomsubiri nilimfokea ili wote wasikie. Kumwita baba nilikuwa nimeacha.

Ijumaa moja nilimfuata alipokuwa akinawa miguu kwenye pipa.

"Mzee, Jumatatu usije. Unatuchelewesha."

Aliendelea kunawa mpaka akamaliza, akavaa viatu.

"Sawa. Ule ukuta wa nyuma umwagilieni maji kesho mapema. Jua hili litaupasua."

Akashika njia ya barabarani. Asubuhi niliumwagilia mwenyewe. Haukupasuka, na bosi alipoukagua aliniambia nina jicho la kazi. Nikamshukuru.