Taa ya Kushoto

Madereva wenzake walimwita Baba Kinyonga, naye alicheka nao. Kwenye zile kona za mlimani lori lake la saruji lilipanda polepole, kioo cha dirisha kimeshushwa, sikio nje, akisikiliza magari ya upande wa pili kabla hajayaona. Akiona mbele kweupe aliwasha taa ya kushoto: wewe wa nyuma, pita. Aliyepita alipiga honi mbili za shukrani. Nilipokuwa mdogo nilipanda naye kwa ajili ya honi hizo tu.

Baba mdogo alifundishwa udereva na Baba mwenyewe. Mengi aliyapuuza, ana kichwa kigumu yule, lakini moja alilishika: kwenye kona usiamini macho yako, amini taa ya aliye mbele.

Siku ile ilinyesha, Baba akapandisha kioo asilowe. Basi. Kosa zima ndilo hilo, dogo mpaka linaniudhi. Baba mdogo alikuwa nyuma yake na gari la mikate. Baba alitazama kona, akaona kweupe, akawasha taa. Lori lililokuwa likiteremka lilikuwa kwenye gia huru, dereva anabana mafuta, halina mlio ila wa matairi kwenye maji. Baba hakusikia kitu. Wala honi mbili hazikupigwa.

Lawama zote alibebeshwa yule wa gia huru. Baba alinyamaza. Tangu hapo hamwashii mtu taa. Foleni inarefuka nyuma yake, wanamtukania mama yake. Kila Jumapili alikwenda kwa mke wa marehemu, akatengeneza bomba au bawaba, akaondoka bila kugusa chai. Nilimkasirikia. Nilidhani anaukimbia msiba.

Mwezi wa nne baada ya msiba nilikuwa pale kwake naosha vyombo. Baba aliweka bisibisi mezani.

“Shemeji, taa niliwasha mimi.”

Mama mdogo aliendelea kukunja shati la mumewe, bado lina vumbi la unga.

“Najua,” alisema. “Asingepita bila taa yako. Alinipigia akiwa kituo cha mafuta, nikamwambia asubiri mvua ikatike. Akasema nisiwe na wasiwasi, yuko nyuma ya kaka.”