Wananiomba Nibebwe Dukani Siku ya Wageni

(Msomaji wetu wa Kisarawe ametuomba tusitaje jina lake wala la kijiji chake. Tumekubali, haya ni maneno yake.)

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina mtoto mmoja, naishi katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Marui. Miguu yangu ilipooza nikiwa mdogo, kwa hiyo natembea kwa mikono, na mikononi navaa katambuga za tairi kama wenzangu wanavyovaa miguuni. Shule sikupelekwa. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, basi mwandiko wangu mtanisamehe.

Tulipohamia kijijini, duka la ushirika halikuwa na jengo. Kamati ilitafuta mtu wa kuuza, wenye miguu yao wote wakasema wana mashamba, nikapewa mimi. Nilitandika mkeka kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, nikapanga sabuni, chumvi, viberiti, na sukari ikipatikana. Kwa kuwa mimi nilikuwa chini, na mnunuzi ilibidi akae chini. Mwanzoni wanaume waliona tabu, baadaye wakazoea. Mtu aliyekaa hamsukumi mwenzake. Bibi asiyeona alipata sukari yake sawasawa na kijana mwenye mabega. Wanawake waliohamia kutoka bara, ambao wenyeji waliwaita watu wa kuja, walikaa pamoja na wenyeji hao hao na wakaanza kuzungumza. Mambo ya kisima, ya zahanati, ya zamu za shamba la kijiji, mengi yalianzia pale, nami nikayapeleka kwenye kamati. Ndivyo nilivyochaguliwa kuwa kiongozi wa duka. Nilipelekwa hata semina ya uongozi Kibaha, nikarudi naringa, mtu hanisemeshi.

Mwenyekiti wa kijiji ni kaka yangu wa tumbo moja. Siku moja alisema duka la kibarazani linatutia aibu, tujenge la kudumu. Kila mtu alifurahi, na mimi nilifurahi. Siku za msaragambo, ile kazi ya kujitolea ya kijiji kizima, wanaume walifyatua matofali, wanawake walichota maji, mimi nikapangiwa jikoni kumenya mihogo ya wajenzi. Kutoka jikoni nilikuwa nawaona. Waliinua msingi ili maji ya mvua yasiingie, wakaweka ngazi. Nikajisemea, bila shaka mlango wa nyuma wataufanyia mteremko. Wakapiga kaunta ya mbao, juu, kama ya maduka ya mjini. Nikajisemea, mimi watanitengenezea kitu cha kukalia. Nikaendelea kumenya. Nadhani na wao kila mmoja alijisemea kwamba mwenzake ameshalifikiria.

Siku ya kuhamia nilipanda zile ngazi kwa mikono, nikapita nyuma ya kaunta. Nikaona mbao tu. Muda si mrefu akaja rafiki yangu Mama Rehema, mmoja wa wale waliotoka bara, akagonga.

"Jamani, humu dukani hakuna mtu?"

Nilikuwepo. Niliinua mkono, haukufika juu ya kaunta. Akagonga tena, kisha akaenda zake.

Hakuna aliyeniambia kwamba nimeachishwa kazi. Kesho yake nilimkuta binamu yetu mmoja mrefu amesimama pale, kaka akasema, "Huyu anakusaidia." Mpaka leo ananisaidia, na mimi nipo nyumbani. Mikutano ya kamati siku hizi inafanyika humo dukani, siitwi, lakini jina langu bado linasomwa kuwa ndiye kiongozi. Sukari ikifika, wanapata wenye mikono ya kufika juu ya kaunta. Vikongwe wanarudi na vikapu vitupu. Mama Rehema huwa ananiuliza mbona silii. Nimejichunguza nione kama nina hasira, sina. Nakula, nalala, nafua nguo za mwanangu, siku inapita.

Sasa tumepata habari kwamba wageni kutoka wilayani watakuja kuona maduka ya vijiji yanayoongozwa na wanawake na watu wasiojiweza kama mimi. Kijiji kitakachowapendeza kitaingizwa kwenye zamu ya lori la bidhaa. Kwetu lori linakuja likijisikia. Kaka alikuja nyumbani na wajumbe wawili.

"Dada, siku hiyo tutakubeba," alisema. "Fundi anakutengenezea stuli ndefu. Utaonekana vizuri kabisa."

"Na wageni wakishaondoka?"

"Tutakushusha."

Alijibu haraka, bila ubaya wowote, kisha akaomba maji ya kunywa. Nikampa.

Mama Rehema anasema nikubali. "Lori likija tutapata sabuni, mwenzangu. Watoto wanaoga maji matupu." Ni kweli, hata wangu. Nikikataa, au nikiwaambia wageni ukweli, kijiji kizima kitakosa kwa ajili yangu, na kaka ataumbuka. Lakini nikikaa juu ya ile stuli nikacheka nao, wataondoka wakisema duka hili ni mfano wa kuigwa, na baada ya hapo nani atabomoa ngazi? Wale vikongwe watarudi na vikapu vitupu mpaka wafe.

Jana fundi alikuja kupima. Aliniomba nikae nilivyozoea, nikakaa, akapima, akaondoka.

Ndugu wasomaji, mko wengi na mmeona mengi, nipeni mawazo yenu. Nikubali au nikatae? Naomba mniambie nyinyi, maana hapa kijijini kila mtu ameshanieleza nitakavyobebwa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka.